Mkate Ulioachwa Msumarini

Mama akikwambia "si kitu, ni uchovu tu," usimwamini. Mshike mkono umpeleke kwa daktari, hata ikibidi mgombane njia nzima. Hosiyat wa Margilan, mji wa hariri, alisema maneno hayo ya uchovu msimu mzima wa baridi, na kila aliyemsikia alimwamini, kwa kuwa alikuwa mwanamke wa kuaminika. Mikate ya tanuri lake ilikuwa haijapata kuungua, na ulimi wake ulikuwa haujapata kusema uongo. Huo ndio ulikuwa uongo wake wa kwanza, na nusura uwe wa mwisho.

Kila alipoinama kubandika mkate kwenye ukuta wa tanuri, aliinuka akiona nyota mchana kweupe. Masika yalipofika, akibeba matawi ya mforsadi kuwapelekea viwavi wa hariri, alisimama katikati ya ua akijifanya anakagua paa. Kulala alilala ameketi, ameegemea mito, na mumewe Tulkin akimwuliza kulikoni, alijibu, "Nasikiliza kama viwavi wanakula, Baba Mavjuda. Lala."

Alificha kwa ajili ya huyo Mavjuda, binti yao wa pekee. Mkate wa uchumba ulikuwa umeshavunjwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, na arusi ilingoja zabibu ziive. Hosiyat aliwaza kama wawazavyo mama wengi: watu wa upande wa bwana arusi wakisikia mama ana moyo mbovu, watasema na binti ana moyo mbovu. Ndama hutazamwa kwa mamaye. Basi akanyamaza, akatabasamu, akaendelea kukanda unga. Mama unayesoma, jiulize: binti gani anataka kuolewa juu ya matanga ya mamake?

Asubuhi moja, viwavi wakiwa katika ule ulaji wao wa mwisho kabla ya kujisokotea vifukofuko vya hariri, wifi yake Oyniso alinusa moshi. Oyniso alikuwa dada mkubwa wa Tulkin, akikaa ng'ambo ya ukuta, na tangu Hosiyat aolewe alikuwa hajaacha kuisema mikate yake: mara myembamba, mara haina ufuta wa kutosha.

"Mkate wa Hosiyat unaungua?" akapiga kelele. "Basi Hosiyat amekufa!"

Akakimbia na kiatu kimoja. Alimkuta wifi yake kalala kando ya tanuri, unga kwenye nyusi, midomo ina rangi ya forsadi mbivu.

"Si kitu," Hosiyat akanong'ona. "Ni uch..."

"Nyamaza! Mtu mzima unadanganya na macho yamegeuka! Tulkin! Wewe Tulkin! Waache hao wadudu, mkeo anakufa!"

Hakufa siku hiyo. Daktari wa mjini alimweka kifaa kifuani, akasikiliza, akaacha kutabasamu. Akasema aende Tashkent, mji mkuu, kwa mabingwa wa moyo, na asingoje juma lipite.

Mavjuda ndiye aliyetakiwa kumsindikiza mama yake. Tulkin ilibidi abaki. Viwavi hawajui mgonjwa wala msiba; wakikosa majani siku moja, kazi ya masika yote imekwenda na maji, na matandiko ya arusi ya Mavjuda yalikuwa juu ya migongo yao. Mwanamume yule alikuwa hajapata kujichemshia hata yai. Oyniso akamwokea mikate ya akiba, akaifunga ndani ya kitambaa, akamtundikia jikoni.

Kisha akachukua mmoja wa moto, mzuri, akausimamisha mbele ya mdomo wa Hosiyat pale mlangoni, gari likinguruma nje.

"Ng'ata."

Hosiyat akang'ata. Jino lake moja la mbele, upande wa kushoto, lilikuwa halipo. Lilivunjika zamani alipokuwa akipasua kokwa za matunda ya mishmishi kwa ubishi, watu wakimwambia atumie jiwe. Kwa hiyo kila alipong'ata mkate, mahali pa jino lile palibaki kiulimi kidogo cha mkate kikichungulia. Nyumba nzima walikijua kile kiulimi.

Oyniso akaufunga mkate ule katika kitambaa, akautundika msumarini juu ya mlango.

"Sikiliza, Tulkin. Huu ni wa mkeo. Riziki yake ikingali humu, hana ruhusa ya kwenda popote. Atarudi aumalize mwenyewe. Ukiuona umekauka, usiuguse. Ukiuona una vumbi, usiuguse. Umesikia?"

"Dada, mimi si mtoto."

"Mtoto ningemwamini."

Huko Tashkent, daktari wa upasuaji aliitwa Jahongir, mtu mrefu mwenye sauti ya chini kama anaongea msikitini.

"Mama, ulipokuwa mdogo uliwahi kuumwa makoo, kisha magoti yakavimba?"

"Nani hakuumwa makoo, dokta? Mama yangu alinifunga shingo kwa sufu, akaninywesha maziwa moto na mafuta ya kondoo. Nikapona."

"Makoo yalipona. Ugonjwa ukashuka moyoni, ukakaa kimya humo. Sasa mlango mmoja wa moyo umekakamaa. Tutautoa, tutakuwekea wa chuma."

"Wa chuma? Ukipata kutu je?"

"Haupati kutu, mama."

"Hata tanuri langu waliniapia halitapasuka."

Mavjuda akacheka huku anafuta machozi. Na hapa nasema kwa sauti kubwa, mwenye mtoto anisikie: mtoto akilia makoo, sufu na maziwa havitoshi. Mpeleke akatazamwe, na akipewa dawa, azimeze mpaka ziishe, hata akionekana anaruka kamba.

Siku ya kupasuliwa, Hosiyat aliingizwa chumbani asubuhi, akachomwa sindano ya nusu kaputi, na neno la mwisho alilolisema lilikuwa, "Baba Mavjuda amekula kweli?"

Halafu akajikuta juu.

Hakuelewa amepandaje. Alikuwa karibu na ile taa kubwa, mwepesi kama pamba iliyochambuliwa, na kifua chake, kwa mara ya kwanza tangu miaka mingi, hakikubana. Chini aliona watu wa nguo za kijani wamemzunguka mwanamke. Kifua cha mwanamke yule kilikuwa wazi kama lango la ua siku ya arusi. Hosiyat alimtazama usoni, akaona aibu: mwanamke hana hata mtandio, na pengo lake la jino linaonekana! Ndipo akatambua ni yeye.

Hakuogopa. Aliwaonea huruma waliokuwa wakihangaika. Mlango wa chuma ulikuwa umeshawekwa, lakini moyo wenyewe ulikuwa umetulia tuli kama jiwe la kusagia ambalo punda wake amekwenda zake.

"Amka, mama," daktari Jahongir alikuwa akisema, jasho linamtiririka. "Amka basi. Binti yako yuko hapo nje. Nitamwambia nini mimi?"

Hosiyat alitaka kumjibu, lakini alikuwa amesikia mvua. Mvua laini, ya mfululizo, ile ambayo viwavi huipiga wakitafuna majani. Akaigeukia, na taa na kuta zikabaki nyuma yake.

Akafika penye miti ya mishmishi iliyochanua yote kwa pamoja. Chini yake pametandikwa jamvi na kitambaa cha chakula, na mama yake marehemu ameketi na birika, mashavu yamejaa, kama alivyokuwa kabla ya ugonjwa wake.

"Mama!"

"Umefika, mwanangu? Keti."

Hosiyat akaketi. Furaha iliyomjaa haina jina. Mama yake akachukua kibakuli, akammiminia chai. Akamimina, akamimina, mpaka chai ikasimama ukingoni inatetemeka.

Hosiyat akakitazama kile kibakuli moyo ukimwuma. Kwao, mgeni anayependwa humiminiwa kidogo kidogo, ili akae na kuongezwa tena na tena. Anayejaziwa pomoni anaambiwa kwa adabu kwamba saa ya kwenda imefika.

"Mama, unanifukuza?"

"Mkate wako uko wapi?"

"Nyumbani. Msumarini."

"Umeuacha nusu unakuja kukaa kwangu? Nilikulea hivyo? Nenda kaumalize."

Hosiyat akageuka kuutafuta mkate wake, na papo hapo akauona mlango wa nyumba yake, na msumari juu ya mlango.

Msumari ulikuwa mtupu.

Hapo ndipo alipoogopa. Tangu aanguke kando ya tanuri hakuwa ameogopa hivyo. Kama riziki yake imekwisha, atarudi kwa nini? Atamshika nani mkono siku ya arusi? Akaita, "Baba Mavjuda!", na hakuna sauti iliyotoka.

Tulkin alikuwa ameketi sakafuni, mikono ya kijani kwa majani, chai mbele yake, makombo kwenye ndevu. Viwavi walikuwa hawajampa nafasi ya kula tangu jana yake. Njaa ilipomzidi alinyoosha mkono, akashusha kitambaa cha kwanza alichokiona, akauchovya mkate mkavu ndani ya chai, akaula wote akifikiria mkewe. Sasa alikuwa ameinua macho. Alikuwa akiutazama msumari.

"Yallah," akasema polepole. "Nimemla Hosiyat."

Akasimama, akazunguka chumba, akajipiga kofi la shavu. Kisha akakimbilia jikoni, akafungua ile akiba ya dada yake, akatoka na mkate mzima mpaka mbele ya kioo cha kabati. Akafungua kinywa. Mwanamume yule alikuwa na meno yote kamili, kama farasi. Aling'ata, akatazama: pengo kubwa, laini, halina kiulimi.

"Hapana. Huyu si yeye."

Akachukua wa pili. Safari hii aling'ata pembeni kidogo, kisha pembeni tena, taratibu, ulimi nje kama mtoto anayejifunza kuandika, akifuata kioo. Kiulimi kikatokea. Akafurahi. Akauinua, akaugeuza huku na huku, akagundua kioo kimemcheza shere: kiulimi kiko kulia.

"Kushoto, mpumbavu wewe! Jino lake la kushoto! Umelitazama miaka yote hiyo!"

Akachukua wa tatu. Akang'ata huku amefumba macho, akimkumbuka. Kiulimi kikatoka kushoto, lakini kirefu, kimelegea kama cha ng'ombe anayelamba chumvi. Tulkin akautazama mkate ule muda mrefu. Akaufunga kitambaani, akautundika msumarini, akashikilia mwimo wa mlango, machozi yakamtoka juu ya makombo.

"Ewe Mola," akasema, "wake nimeula mimi kwa bahati mbaya. Huu nimemng'atia. Kama kuna riziki itakayopungua, punguza yangu. Mimi nina meno mengi ya ziada. Yeye mrudishe. Mrudishe hata akija kunitukana."

Hosiyat akamtazama mumewe: ndevu zina makombo, mikono ya kijani, mikate miwili iliyoumwa vibaya sakafuni, na kile kiulimi cha ng'ombe kinaning'inia nje ya kitambaa. Kicheko kikamjia kutoka mahali asipopajua. Alicheka mpaka akapoteza wepesi wake, akawa mzito, akaanza kuanguka, miti ya mishmishi ikapita, taa ikapita, akaanguka huku anacheka...

...akaamka kifua kinauma kama kimekanyagwa na trekta, na bomba limeziba koo.

Walipolitoa lile bomba, Mavjuda alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Akainama kusikia neno la kwanza la mama yake.

"Baba yako," Hosiyat akanong'ona, "amekula mkate wangu."

Mavjuda akaangua kilio akijua mama amerudi, ila akili imebaki huko alikotoka. Akampigia baba yake simu hapohapo.

"Baba! Mama ameamka! Anaongea!"

Upande wa pili zikasikika shukrani, kwikwi, na viwavi wakitafuna.

"Ila, baba... anasema umekula mkate wake."

Kwikwi zikakatika.

"Nani kamwambia? Shangazi yako?"

"Shangazi hajapiga simu. Kwani ni kweli?"

"Mwambie mkate uko msumarini. Mwambie naapa, uko msumarini, nautazama hivi sasa."

Mavjuda akaeleza. Mama yake akafumba macho, akatabasamu, akanong'ona tena.

"Baba, anauliza: wa ngapi? Anasema uling'ata mitatu."

Kikasikika kishindo. Tulkin alikuwa amekaa ghafla juu ya majani ya mforsadi, pamoja na baadhi ya viwavi.

Daktari Jahongir alipopita, alikaa kitini akasikiliza habari yote bila kumkatiza.

"Mama, moyo wako ulikataa kuanza kwa muda ambao sikuupenda. Mtu akiwa hivyo, na dawa ile, akili huota."

"Sawa, dokta. Na mikate?"

Daktari akakuna kidevu. "Mikate sijaisomea." Kisha akainama. "Niambie, ulipokuwa unaanguka, ulikuwa unafanya nini? Kwa sababu moyo haukuanza kama mingine. Ulianza kwa kurukaruka."

"Nilikuwa nacheka."

"Basi usicheke sasa, mishono itafumuka. Kumbatia huu mto ukitaka kukohoa. Dawa za kuzuia damu kuganda usikose hata siku moja. Na siku nyingine kifua kikibana, usimngoje wifi anuse moshi."

Aliporudi Margilan, viwavi walikuwa wamekwisha panda kwenye matawi makavu na kujisokota, na nyumba nzima ilikuwa imejaa vifukofuko vyeupe kama mti uliochanua ndani. Oyniso alimpokea langoni, akamkagua toka kichwani mpaka miguuni.

"Umekonda. Unafanana na mikate yako."

"Na wewe hujambo, wifi." Wakakumbatiana kwa uangalifu, wote wawili wanalia.

Tulkin alikuwa amesimama chini ya msumari kama mshitakiwa. Oyniso alikuwa hajui lolote bado. Alipoushusha mkate na kuufungua, akausogeza machoni.

"Hiki ni nini? Hosiyat, uling'ata mkate au ulimbusu ng'ombe?"

Basi Tulkin akaeleza yote. Oyniso akavua kiatu, akamzungusha ndugu yake ua mzima, mwanamume na mvi zake anakimbia huku akipiga kelele, "Nilimwomba Mungu, dada! Nilimwomba!"

"Ulikula riziki ya mkeo! Sasa huyu akale nini?"

"Huohuo," Hosiyat akasema kutoka mkekani. "Leteni hapa."

Akaushika. Ulikuwa mgumu kama tofali. Akauchovya ndani ya chai, akang'ata palepale alipong'ata mumewe, na mkate wa Oyniso ule, usio na chumvi ya kutosha, haukuwahi kuwa na utamu kama siku ile. Akaumega nusu, akampa Tulkin.

"Wangu umekula wewe, wako nakula mimi. Hakuna aliyepungukiwa."

Tulkin akaupokea kwa mikono miwili. Ndipo kikasikika kitu: tik, tik, tik.

"Nani ameleta saa?" Oyniso akauliza, akatazama ukutani.

"Ni mlango wangu mpya," Hosiyat akasema. "Wa chuma."

Tulkin akasogeza sikio, akasikiliza, uso wake ukafunguka. "Mama Mavjuda, sasa hata ukijificha kabatini nitakujua ulipo."

"Na jino la dhahabu nililokuahidi," akaongeza, "nimeghairi. Pengo hilo halizibwi mpaka kiama."

Wakiwa katika kicheko hicho, langoni akatokea Bahriniso, mama wa bwana arusi, ana sufuria ya supu ya wali. Uso wa Hosiyat ukabadilika. Saa yake ya kifuani ikaenda mbio, watu wote wakaisikia. Sasa siri iko wazi. Akasema kabla hajatanguliwa:

"Mwenzangu, nilikuficha. Nilikuwa na ugonjwa wa moyo. Ukiona uchumba huu..."

Bahriniso akaiweka sufuria chini kwa kishindo.

"Ndilo ulilokuwa unaficha? Sisi tulidhani mmempata mchumba mwingine! Mimi nina sukari, Hosiyat. Nina sukari tangu huyu bwana arusi anasoma shule ya msingi. Nilikuwa nakula halua nyumbani kwako kwa adabu, nikirudi kwangu kizunguzungu kinaniangusha kitandani, ili msiseme kijana wetu ana damu mbovu!"

Wanawake wawili wakatazamana. Hosiyat akaukumbatia ule mto wake, maana kicheko kilikuwa kinakuja na mishono haijapona.

"Ulikwenda lini kwa daktari mara ya mwisho?"

"Ah, hayo ni ya baadaye, arusi ipite kwanza. Si kitu, ni uchovu tu."

Kicheko cha Hosiyat kikakatika. Akanyoosha mkono kwa Mavjuda bila kumtazama, Mavjuda akaelewa, akaleta mkate mzima, wa moto. Hosiyat akausimamisha mbele ya mdomo wa Bahriniso.

"Ng'ata."

"Naenda wapi mimi?"

"Kesho asubuhi, hospitali. Binti yangu hataolewa kwenye nyumba ya mama mkwe mwongo kama mimi. Ng'ata, na Oyniso atakushika mkono njiani."

Bahriniso akamtazama Oyniso, akakiona kiatu bado kiko mkononi, akang'ata.

Tulkin akainuka haraka, akanyoosha mikono kuupokea mkate akautundike msumarini.

"Si wewe!" wakapiga kelele wote kwa pamoja.